Chakula Kimekubaliwa

Nimesimulia safari hii kwa vipande hadi nimechoka. Mmoja ameulizia ndovu, mwingine ameulizia mambo ya kanisani, na kuna aliyenitumia ujumbe akitaka kujua kama ni kweli nililishwa sumu Ukambani. Sikulishwa sumu. Acheni niwaandikie yote mara moja, na pale nilipoogopa mkitaka kucheka, chekeni tu. Mnanijua. Hata kuku akinikimbilia, mimi navuka barabara. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na tangu utoto mimi nilichagua upande wa kicheko.

Kitui mjini hadi Kanyangi

Tulikuwa watu watatu garini. Mwende ni mtaalamu wa lishe, Mkamba wa Machakos, mtu wa kusema jambo mara moja na kunyamaza. Musyoka ni dereva, mzaliwa wa Kitui, yeye hanyamazi. Wa tatu ni mimi, Nafula wa Bungoma, niliyeitengeneza hiyo programu ya simu tuliyokwenda kuijaribu. Kazi yake si ngumu kueleza: unapiga picha ya sahani kabla mtu hajala na baada ya kula, simu inatambua chakula na kukadiria ni kiasi gani kimeingia tumboni. Ofisini ilikuwa inafanya vizuri sana. Tulitaka kuona itafanyaje kwenye moshi wa kuni na sahani za bati.

Picha ikiwa safi, alama ya kijani inatokea, kengele inalia na sauti ya mwanamke inasema, "Chakula kimekubaliwa." Picha ikiwa na ukungu, alama inakuwa nyekundu na mwanamke yuleyule anasema, "Chakula kimekataliwa." Maneno hayo niliyachagua mimi, Nairobi, nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Nilikuwa nasema habari ya picha.

Kanyangi tulichelewa kufika kwa sababu nilikataa kushuka garini kufungua lango la boma. Kulikuwa na mbwa. Musyoka alishuka badala yangu, na mbwa akamlamba viatu.

Mwenye boma alikuwa mzee mmoja mpole aliyevaa koti la suti juu ya shuka. Mwende akamsalimu kwa Kikamba, kisha akamweleza kwa Kiswahili ili na mimi nisikie: "Mzee, tumekuja kupima chakula." Mzee akaitikia kwa kichwa polepole. Mkewe akatoa isyo, ile pure yao ya mahindi na maharagwe, ikifuka mvuke. Jiko lilikuwa limejaa moshi hadi machozi yakanitoka. Nikapiga picha. Nyekundu. "Chakula kimekataliwa," simu ikasema kwa sauti kubwa.

Mzee akaweka kijiko chini. "Imekataliwa? Iko na nini?"

"Haina kitu, mzee," Mwende akasema. "Ni picha tu haikutoka vizuri. Tujaribu tena."

Tukajaribu tena. Moshi haukuwa umepungua. Simu ikakataa tena. Mzee akainuka na sahani yake, akamwita mbwa, akamwagia yote. Mkewe alisimama mlangoni akitazama jasho lake likiliwa na mbwa, na uso wake sitausahau upesi.

Tulipokuwa njiani mimi nilicheka. Nikasema mzee ana hasira za bure kama baba yangu mdogo. Mzee hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa ameogopa, na mimi mwoga wa kuzaliwa nilishindwa kumtambua mwoga mwenzangu.

Kanyangi hadi Mutomo

Nchi inazidi kukauka kadiri unavyoelekea kusini. Udongo unakuwa mwekundu, miti inakuwa mifupi na yenye miiba, na mbuzi wanasimama katikati ya lami wakikutazama kama wewe ndiye uliyewakosea. Nilianza kuogopa nyoka. Musyoka, badala ya kunituliza, akaanza kusimulia habari ya mahindi.

"Huku sisi hatuogopi nyoka sana," alisema. "Nyoka utamwona. Sisi tunaogopa mahindi. Ikinyeshewa kabla ikauke, inaota ukungu ndani, inakuwa na sumu. Na haina uchungu! Unakula, unashiba, unalala. Baadaye macho yanakuwa ya manjano, tumbo inafura. Kijijini kwetu tulizika watu wa boma moja, tukarudi tukazika wa boma ingine."

"Serikali haikupima hayo mahindi?" nikauliza.

"Walikuja wakapima. Ile ilikataliwa wakachoma."

Hayo yote aliyasema waziwazi, nami nikayasikia kwa masikio haya mawili. Yakapita.

Boma la Mama Mumo liko nje kidogo ya Mutomo, juu ya mwinuko wa mawe. Ni mama wa makamo, mrefu, ana sauti ya kuongoza kwaya, analea watoto wake watatu bila mume. Mhudumu wa afya wa kijiji ndiye aliyetupeleka kwake. Mwende akanitambulisha, na Mama Mumo akataka kujua jina Nafula ni la nini.

"Kwao ni mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua," Mwende akamwambia.

"Mbua!" akapiga kofi, akiitaja mvua kwa Kikamba. "Basi karibu, mbua. Tumekungoja siku mingi."

Alitupa viti kivulini na kutupakulia muthokoi, mahindi yaliyotwangwa maganda yakatoka, yakapikwa na mbaazi. Nikapiga picha hapo nje penye mwanga mzuri. Kengele ikalia. "Chakula kimekubaliwa." Mama Mumo akasikiliza kwa makini sana, kichwa ameinamisha. Akaingia ghalani, akatoka na bakuli la mahindi makavu ambayo hayajapikwa.

"Na hii, mbua, nipimie."

Programu yangu si ya nafaka isiyopikwa. Lakini nilifurahi kuona mtu anayependa kazi yangu kiasi hicho, nikapiga picha nione itasema nini. Kijani. "Chakula kimekubaliwa."

Mama Mumo alijifunika mdomo. Machozi yakamlengalenga. "Bwana asifiwe," akasema, "Bwana asifiwe sana." Kabla hatujaondoka alimfunga kuku miguu akamweka garini, na tulipojaribu kukataa akanuna. Huyo kuku alisafiri chini ya kiti changu akinidonoa kisigino, na nilipiga kelele kila mara. Nilijisemea kwamba watu wa Mutomo wanapenda teknolojia.

Mutomo hadi Makindu

Sehemu hii ndiyo ya ndovu, na nasikitika kuwaambia sikumwona hata mmoja. Niliona kinyesi chao barabarani baada ya Ikutha, kikubwa, bado kibichi, na kilinitosha. Kwenye daraja la mto Athi, Musyoka alitaka kusimama atuonyeshe mamba. Nilimwambia akisimama nitalia. Hakusimama.

Makindu tulifika Ijumaa, baada ya kulala Mutomo, tukiwa na njaa kali. Tukala kwenye hekalu la Masingasinga, ambako msafiri yeyote anavua viatu, anafunika kichwa na kulishwa. Dengu, chapati, chai tamu. Hakuna aliyetuuliza sisi ni nani. Mwende alisema ni chakula cha kwanza wiki hiyo tulichokula bila kukipiga picha, na tukaongezwa chapati bila kuomba.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, tukaenda kijiji kimoja nje ya mji. Tulitarajia familia chache. Tulikuta akina mama wamepanga foleni tangu langoni, kila mmoja ameshika chombo: bakuli, kopo, kifuniko cha sufuria. Vyote vilikuwa na mahindi makavu.

"Hii ndiyo simu ya kupima sumu?" akauliza wa kwanza.

"Sumu gani?" nikasema.

"Si ya mahindi! Dada yangu ako Mutomo alinipigia jana. Mama Mumo. Alikuwa na gunia yake ilinyeshewa ikaota ukungu, ameweka kando, anaogopa hata kupatia kuku. Juzi mkampimia, simu ikakubali. Anasema sasa watoto watakula mpaka mvua ije."

Ndugu zangu, mimi naijua hofu kama mtu anavyomjua jirani yake. Nimeogopa mbwa, giza, lifti na daktari wa meno. Nikagundua hapo kwamba hofu zote hizo zilikuwa za mchezo. Niliketi chini mavumbini mbele ya foleni. Mwende alikuwa amejishika kichwa akirudia neno moja: "Kupima. Kupima. Tuliwaambia tunapima."

Nikafungua simu nikatafuta ile picha ya bakuli. Nikaikuza. Kwenye punje za mahindi kulikuwa na vumbi la kijivu linaloelekea kijani, na juu yake alama yangu kubwa, nzuri, ya kijani.

Tuliwaambia wale akina mama palepale kwamba simu haijui sumu, haioni sumu, isiaminiwe. Wengine walitukasirikia, wakadhani tunawanyima. Dada yake Mama Mumo aliweka chombo chake chini. Alikuwa tayari anampigia simu, na simu ya Mutomo ilikuwa imezima. Mwende akampigia mhudumu wa afya. Ililia, ikalia, haikushikwa.

"Twende," nikasema.

"Mimi naitwa Musyoka," dereva akasema akiwasha gari. "Kwa Kikamba ni mtu wa kurudi."

Makindu kurudi Mutomo

Barabara ni ileile lakini ilikuwa imerefuka. Kabla hatujapita Kibwezi gurudumu likapasuka. Musyoka alibadilisha huku mimi nikizunguka gari kama mbuzi aliyefungwa, nikimpigia Mama Mumo, nikisikia mteja hapatikani. Niliwawaza watoto wake watatu. Mdogo alikuwa ametuimbia wimbo wa shule ya Jumapili akiwa ameshika nguo ya mama yake. Juzi hadi leo, wamekula mara ngapi? Nilianza kuhesabu nikajikataza.

Baada ya daraja tukakuta msafara wa magari unaokwenda polepole, taa zimewashwa mchana. Mbele kabisa lilikuwa gari la maiti, maua kwenye boneti. Haipitwi gari ya maiti, Musyoka alisema, na hata kama lingepitwa, hakukuwa na nafasi. Tukafuata. Ikutha wakapita bila kukunja. Wakaendelea kuelekea Mutomo, nasi nyuma yao, kama nasi ni waombolezaji.

"Ni ya kwao," nikasema.

"Nafula, tafadhali," Mwende akasema.

"Ni ya mtoto. Tazama, wanaelekea kwake."

"Mtu hazikwi kwa siku moja na msafara mkubwa hivi. Tumia akili."

Akili sikuwa nayo. Nilishika mkono wa Mwende nikaufinya hadi akauvuta. Nilimwomba Mungu kwa lugha ya nyumbani, ile ya mama yangu, jambo ambalo sijafanya tangu nimalize shule. Muda si mrefu kabla ya Mutomo msafara ukakunja kushoto, ukaingia njia ya vumbi na kutuachia barabara. Nililia kwa kushukuru msiba wa watu wengine, na hilo mpaka leo linanisumbua.

Bomani kwa Mama Mumo hapakuwa na mtu. Mafiga yalikuwa baridi. Mlango wa ghala ulikuwa wazi. Mwanamke mmoja alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua, jirani yake anayeitwa Mama Kioko, na Mwende akamwuliza kwa haraka wako wapi.

"Kanisani wote. Leo ni mkutano ya akina mama. Amepeleka ile gunia yake imepimwa, amesema lazima Mungu aanze kula."

Kanisani

Ni kanisa la mabati kando ya njia. Ndani walikuwa wanaimba. Nje, chini ya turubai, sufuria kubwa zilikuwa juu ya kuni, na Mama Mumo amesimama katikati ameshika mwiko mrefu, amevaa leso ya kanisa, uso unang'aa.

"Mbua amerudi!" akaita. "Mmebahatika, imeiva."

Nilimwuliza jambo moja tu. "Watoto wamekula hayo mahindi?"

"Bado. Kwanza fungu la Mungu. Halafu sisi."

"Wewe je?"

"Nimeonja chumvi tu." Kisha akaniona vizuri. "Ni nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikirukaruka, na Mwende akarudia kwa Kikamba, taratibu, bila kupamba: simu inapima wingi, haipimi sumu. Ilikubali picha. Mama Mumo alinitazama kama mtu anayengoja umalizie mzaha.

"Lakini ilisema," akasema. "Ilisema kwa mdomo yake."

Nyimbo zilikuwa zimekwisha na watu wanatoka na sahani. Mchungaji akauliza kuna shida gani, na ikabidi nisimame juu ya jiwe niseme mbele ya kanisa zima. Mimi, ambaye darasani nilikuwa najificha nyuma ya mwenzangu nisiulizwe swali. Nikasema kosa ni la maneno yangu, maneno niliyoyaweka kwenye simu, na huyu mama hana kosa, na chakula hiki kisiliwe. Sijui kama walisikia sehemu ya pili. Walisikia kisiliwe.

Halafu sauti ya mwanamke mzee ikatoka nyuma: "Kwa hivyo alikuwa anatumaliza?" Na mwingine, chinichini, akasema neno ambalo kufikia hapo hata mimi nilikuwa nalijua. Uoi. Uchawi.

"Nilipima!" Mama Mumo akasema. "Nilipima kwanza!" Watu wakawavuta watoto wao nyuma. Mchungaji na Musyoka wakachimba shimo, wakamwaga sufuria zote na gunia, na yeye alisimama akitazama na mwiko bado uko mkononi.

Tulimpeleka hospitalini. Nesi alimpima, akamwuliza maswali mengi, akatuambia kijiko kimoja cha kuonja si cha kumuua mtu, ubaya ni kula siku baada ya siku. Akamtajia dalili za kuangalia na kumwambia arudi akiziona. Nilitoka hapo nikidhani hofu imekwisha.

Bomani

Hatukurudi Makindu. Tulilala Mutomo, na Jumapili tukaenda kumwona. Hakwenda kanisani. Alikuwa ameketi kizingitini, na mlangoni palikuwa na bakuli tupu.

"Mama Kioko amerudisha," akasema. "Nilimpatia nayo unga mwezi jana. Amerudisha bila kitu ndani."

Mwende alinieleza baadaye kwamba jirani harudishi chombo kitupu. Utatia hata chumvi, hata ndimu moja. Kitupu maana yake sitaki kitu chenu kiingie kwangu tena.

"Nitapika nini hapa mtu akule?" Mama Mumo akasema. Hakuwa analia, na hilo liliniogopesha zaidi. "Mazishi, harusi, mimi ndiye napika. Miaka yote. Sasa mtoto wangu akibeba chakula shuleni, nani atakula naye?"

Nikamwambia neno ambalo halikupitia kwenye akili yangu kabla ya kufika mdomoni. "Pika. Mimi nitakula."

"Na nini? Ya duka sina."

"Ile unayokula kila siku."

Mama Mumo aliinuka kizingitini. Akaingia ghalani, akatoa mahindi kutoka gunia lake jingine, la mavuno ya zamani, akayatwanga hapo nje kinuni. Nikamwomba Musyoka aniwekee kiti si kivulini bali karibu na ua, mahali ambapo njia ya kutoka kanisani inapita. Tukangoja sana. Muthokoi haina haraka. Watu wakaanza kurudi kutoka ibadani, wakapunguza mwendo, wakasimama. Mama Kioko naye akasimama upande wake wa ua, mikono ameifunga.

Mama Mumo akanipa sahani. Nilitazama ndani yake. Mahindi yalikuwa meupe, mazuri, na nilijua kwa akili yangu yote kwamba ni salama: watoto wake wanayala kila siku. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilikuwa nimemwota huyo nyoka usiku kucha. Mwende, kwa mazoea ya kazi, akatoa simu.

"Weka," nikamwambia.

Nikala. Kijiko cha kwanza kilikataa kushuka, nikakisukuma. Cha pili kikaenda. Niliogopa kila kijiko, sitawadanganya, na nilikula hadi nikaona maua yaliyochorwa chini ya sahani. Nikaomba nyingine. Musyoka akavuta kiti. Mwende akaketi chini.

Wachache wakaendelea na njia yao. Mama Kioko alibaki hapo kwenye ua, akiangalia sahani yangu ya pili ikipungua. Kisha akaingia nyumbani kwake, na mimi nikajua tumeshindwa.

Alitoka na bakuli. Akazunguka ua, akaingia langoni, akapita mbele yangu bila kunitazama, na kumnyooshea Mama Mumo. Ndani kulikuwa na ndimu mbili. Mama Mumo akazitoa, akazishika kifuani, akangoja.

"Basi nipimie kidogo," Mama Kioko akasema.

Mama Mumo akachukua mwiko.